Je, Wajua? Veda Asubuhi, Kemia Mchana

Chukua sentensi ya watoto wa chekechea: "Juma anakula wali." Sasa isome hivi, kwa pumzi moja: Juma anakula, anakula Juma, Juma anakula wali, wali anakula Juma, Juma anakula wali. Ukimaliza, sogea neno moja mbele, anza upya na "anakula", na uendelee vivyo hivyo hadi mwisho wa kitabu. Hapo umeonja ghana, namna ngumu kuliko zote ya kusoma Veda, maandiko ya kale kabisa ya dini ya Kihindu. Kwamba wali haumli mtu si hoja. Katika hatua hii maana haiulizwi. Kinacholindwa ni sauti.

Mwanafunzi hafiki kwenye ghana siku moja. Huanza na usomaji wa mtiririko, kama maandiko yenyewe yalivyo. Kisha hutenganisha kila neno lisimame peke yake, maana katika Kisanskriti maneno yakikaribiana hubadilisha herufi zake mipakani. Halafu husoma mawiliwili: Juma anakula, anakula wali. Baadaye huyasuka kwenda na kurudi, na mwisho ndiyo hiyo ghana. Neno lililosomwa mbele na nyuma, ubavuni mwa jirani wa kulia na wa kushoto, haliwezi kupotea wala kubadilishwa pasipo mtu kushtuka. Rigveda peke yake ina nyimbo 1,028 zenye beti zaidi ya 10,000, na kwa karne nyingi ilipita kutoka kinywa cha mwalimu hadi sikio la mwanafunzi bila kuandikwa. Msomaji aliyekaa madrasa akahifadhi juzuu kwa tajwidi ataielewa kazi hii mara moja, ila huko kurudi nyuma na maneno kutamshangaza.

Na si maneno tu. Kila silabi ina mahali pake pa kupanda au kushuka kwa sauti. Huko Kerala, kusini-magharibi mwa India, walimu wa jamii ya Nambudiri humshika mtoto kichwa kwa mkono na kukiinamisha au kukiinua kufuata sauti, mpaka shingo nayo ijue somo. Kila mwaka katika hekalu la Kadavallur, wanafunzi wa shule mbili hasimu, ya Thrissur na ya Thirunavaya, hushindanishwa kusoma Rigveda mbele ya wazee ambao kazi yao ni moja tu: kunasa kosa. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza usomaji huu wa Veda kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu.

Likizo kwa hisani ya punda

Je, wajua kwamba mtoto wa shule ya Veda hakuijua Jumapili? Siku zake za mapumziko zilipangwa na mwezi wa angani: siku ya kwanza baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, siku ya nane, ya kumi na nne, na siku zenyewe za mwezi mpevu na mwezi kufa. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria na adabu, kinaongeza orodha ndefu ya mambo yanayosimamisha masomo papo hapo. Radi pamoja na mvua. Kimondo. Tufani ya vumbi. Mbweha, mbwa, punda au ngamia akilia. Tena mwanafunzi amekatazwa kusoma Veda akiwa juu ya mti, juu ya farasi, juu ya tembo au ndani ya chombo cha majini. Nashuku katika vijiji vingi punda wa jirani alipendwa na watoto kuliko mwalimu alivyojua.

Aliyekuja kuivunja kalenda hiyo hakuwa mmisionari wala ofisa wa Kiingereza. Alikuwa Brahmin, yaani mtu wa tabaka la makuhani, wa Bengal, aliyebobea katika Kisanskriti, Ishwar Chandra Vidyasagar. Mwaka 1851 alipokabidhiwa Chuo cha Kisanskriti cha Calcutta, kilichoanzishwa mwaka 1824, alifuta mapumziko ya mwezi na kuweka Jumapili. Akatia mkazo Kiingereza. Hisabati iliyokuwa ikifundishwa kwa vitabu vya Kisanskriti vya karne ya 12 akaihamishia kwenye vitabu vya kisasa. Lakini lililowatia wenzake tumbo joto zaidi lilikuwa jingine: mlango. Chuo kilikuwa cha Mabrahmin na tabaka moja la waganga. Yeye akawafungulia kwanza watu wa tabaka la Kayastha, kisha Wahindu wa matabaka mengine. Ukisoma historia ya shule hizi utaona kwamba kemia iliingia kwa vurugu ndogo kuliko alivyoingia mtoto wa tabaka lisilotakiwa.

Kopernikasi kwa njia ya Bhaskara

Katika miaka ya 1830, huko Sehore karibu na Bhopal, ofisa mmoja wa Kiingereza aitwaye Lancelot Wilkinson alikuwa na wanafunzi walioamini, kwa mujibu wa Purana, maandiko ya visasili vya Kihindu, kwamba dunia ni tambarare kubwa yenye mlima Meru katikati na bahari zilizoizunguka duara kwa duara, moja ya maziwa, nyingine ya maji ya miwa. Angeweza kuwatupia kitabu kutoka London. Hakufanya hivyo. Aliwaletea kitabu chao wenyewe: Siddhanta Shiromani cha Bhaskara, mwanahisabati wa karne ya 12, aliyeeleza waziwazi kwamba dunia ni mviringo na haijashikiliwa na kitu. Wakishakubaliana na Bhaskara, hatua iliyobaki hadi kwa Kopernikasi na jua lililo katikati ilikuwa fupi. Mmoja wa wasomi wa hapo, Subaji Bapu, akatetea elimu hiyo mpya kwa kitabu cha Kisanskriti. Kijana mwingine aliyepita Sehore, Bapudeva Sastri, akawa mwalimu mashuhuri wa hisabati na falaki katika chuo cha Benares.

Chuo hicho cha Benares kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1791 na Mwingereza Jonathan Duncan. Katikati ya karne ya 19 mkuu wake, James Ballantyne, alikwenda mbali zaidi: aliandaa masomo ya sayansi na mantiki ya Ulaya kwa Kisanskriti, akamleta hata Francis Bacon mbele ya wasomi wa Kihindu kwa lugha ya Veda. Sijui kama Bacon angejitambua.

Ugomvi wa Walahore

Hapa ndipo habari inaponoga. Mwaka 1875, mjini Bombay, mtawa Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj, jumuiya iliyowataka Wahindu waache sanamu na warudi kwenye Veda. Katika kitabu chake Satyarth Prakash aliweka kanuni za shule: mtoto aondoke kwa wazazi akiwa na miaka minane, shule ya wavulana iwe mbali na ya wasichana, na wote, mwana wa mfalme na mwana wa fukara, wale chakula kimoja, wavae nguo moja na kukalia mkeka mmoja. Alifariki mwaka 1883 pasipo kuiona shule ya namna hiyo ikisimama kama alivyoiota.

Wafuasi wake wakaamua kumjengea kumbukumbu. Tarehe 1 Juni 1886 ilifunguliwa mjini Lahore shule iliyobeba jina lake, Dayanand Anglo-Vedic, maarufu kwa kifupi cha DAV. Mwalimu mkuu wake, kijana Hans Raj, alijitolea kufanya kazi bila mshahara, na kaka yake akamgawia sehemu ya wake. Shule ikapata sifa haraka, hasa kwa kufaulisha mitihani ya serikali. Kiingereza kilishika hatamu. Veda ikabaki kama bibi mzaa baba katika harusi ya mjini, anaheshimiwa, anakalishwa mbele, wala haulizwi kitu.

Baadhi ya wanajumuiya wakanung'unika. Wakauliza: kama lengo ni kutoa makarani wa serikali, Dayananda ameingiaje hapa? Ugomvi ukachanganyika na suala la kula nyama, na mwaka 1893 Arya Samaj ya Punjab ikagawanyika. Upande mmoja ukabaki na DAV. Upande wa pili uliongozwa na wakili wa Jalandhar, Munshi Ram, ambaye aliapa kutokanyaga nyumbani kwake mpaka akusanye rupia 30,000 za kujenga shule ya kweli ya Veda. Alizunguka, akaomba, akazipata. Mtu mmoja wa Najibabad, Munshi Aman Singh, akatoa kijiji chake cha Kangri, kando ya Ganges, karibu na mji mtakatifu wa Haridwar. Mwaka 1902 Gurukul Kangri (gurukul ni shule ambayo wanafunzi huishi na walimu wao) ikafungua milango porini, na miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo walikuwemo wana wawili wa Munshi Ram mwenyewe.

Sheria zake zilikuwa kali. Mtoto aliingia na miaka saba au minane, akakaa mpaka awe kijana wa zaidi ya miaka ishirini. Nyumbani haendi, si sikukuu, si msiba. Anaamka kabla ya alfajiri, anaoga mtoni, anafanya ibada ya moto, anakula mboga, analala kwenye ubao. Ukiishia hapo utasema ni utawa. Lakini baada ya Kisanskriti na Veda wavulana hao walisoma fizikia, kemia, historia na uchumi, na vyote hivyo, mpaka ngazi ya chuo, kwa Kihindi. Wakati huo vyuo vya India vilifundisha elimu ya juu kwa Kiingereza, na wengi waliamini kwamba kemia haiwezekani kwa lugha nyingine. Vitabu havikuwepo, basi walimu wa Kangri wakaviandika wenyewe. Shule iliyojigamba kurudi nyuma maelfu ya miaka ndiyo iliyokuwa mbele katika jambo hilo.

Kangri haikuchukua fedha za serikali wala kufuata mitihani yake, na hilo likaitia serikali wasiwasi. Shule gani hii iliyojificha porini, inayolea vijana wenye misuli na wasioogopa baridi? Mwaka 1913 gavana wa jimbo, James Meston, akaenda kujionea. Mwaka 1916 akaja Makamu wa Mfalme mwenyewe, Chelmsford. Ramsay MacDonald, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, naye alitembelea akaandika kwa kumstaajabia Munshi Ram.

Kuna mgeni mwingine. Gandhi alipoondoka Afrika Kusini mwaka 1914, vijana wa makazi yake ya Phoenix walitangulia India bila mahali pa kukaa. Walipokelewa Kangri, kisha wakaenda Santiniketan, shule ya mshairi Rabindranath Tagore ambako masomo yalifanyika chini ya miti na siku ya mapumziko ni Jumatano hadi leo. Gandhi alifika Kangri mwezi Aprili 1915 kushukuru. Kabla ya hapo, katika barua, alimwita mwenyeji wake "Mahatma", jina ambalo Munshi Ram alikuwa nalo siku nyingi kabla dunia haijalihamishia kwa Gandhi.

Mwaka 1917 Munshi Ram aliingia utawani kwa jina la Swami Shraddhanand. Mwezi Desemba 1926 aliuawa kwa risasi mjini Delhi. Mafuriko ya Ganges ya mwaka 1924 yaliivunja Kangri ya awali, ikahamia ng'ambo ya pili. Mwaka 1962 ilipewa hadhi ya chuo kikuu, na siku hizi inafundisha hata uhandisi. Na DAV waliobezwa? Shule zao sasa ni mamia kote India. Chuo chao cha Lahore kilibaki upande wa Pakistan mwaka 1947, na majengo yake yakawa ya chuo cha Kiislamu.

Sukari ya Lugazi, wasichana wa Porbandar

Habari hizi zilivuka bahari mapema. Nairobi ilikuwa na umri wa miaka minne tu, mji wa mabati na matope ya reli, pale Arya Samaj ilipoanzishwa hapo mwaka 1903. Wengi wa wanachama walikuwa Wapunjabi walioletwa na kazi za reli. Baadaye jumuiya hiyo ikajulikana Nairobi hasa kwa shule za wasichana.

Lakini kuna safari ya upande wa pili ambayo haisimuliwi sana. Nanji Kalidas Mehta alitoka Gujarat akiwa kijana mdogo, akavuka kwa jahazi kuja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, akauza dukani, akanunua pamba, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda. Mfanyabiashara huyo alikuwa mfuasi wa Arya Samaj. Miaka ya 1930 alirudi Porbandar, mji alikozaliwa Gandhi, akajenga Arya Kanya Gurukul: shule ya bweni ya wasichana, yenye Veda, ibada ya moto, mazoezi ya viungo na mtaala wa kisasa. Iliongozwa kwa muda mrefu na binti yake Savita, msomi aliyejipatia jina pia katika ngoma ya Manipuri. Kwa hiyo sehemu ya jasho la mashamba ya miwa ya Buganda iliwafundisha wasichana wa Gujarat mantra ambazo desturi ilisema mwanamke asizisome. Sijaona kitabu cha historia ya Uganda kinachoweka habari hii mahali pake.

Hesabu za Veda zisizo za Veda

Pengine umewahi kuona video za "hisabati ya Veda", zile mbinu za kuzidisha namba kubwa kichwani. Zinatoka kwenye kitabu cha Bharati Krishna Tirtha, kiongozi mkuu wa kidini wa Puri, kilichochapishwa mwaka 1965 baada ya kifo chake. Mwandishi alisema mbinu hizo zinatokana na kanuni fupi 16 za Veda. Wataalamu wa Kisanskriti na wa hisabati walizitafuta kanuni hizo ndani ya Veda wasizione. Mbinu zenyewe zinafanya kazi, ni michezo mizuri ya namba, lakini ukale wake ni wa kubandikwa.

Nasikitika kwa sababu vitu vya kweli vipo, tena vizuri zaidi. Vitabu vya kale vya kupimia matofali ya madhabahu, viitwavyo Shulbasutra, vinaeleza uhusiano wa ulalo na pande za mstatili, ule unaofundishwa shuleni kwa jina la Pythagoras, na vinatoa kipeuo cha pili cha 2 kwa usahihi wa tarakimu tano baada ya nukta. Katika elimu ya arudhi nako kuna hazina. Malenga wa Kiswahili huhesabu mizani, silabi moja mizani moja. Mshairi wa Kisanskriti hupima: silabi fupi ni moja, ndefu ni mbili. Sasa uliza, mshororo wa uzito wa nne waweza kupangwa kwa njia ngapi? Tano. Uzito wa tano? Nane. Wa sita? Kumi na tatu. Ni ule mfuatano wa namba unaobeba jina la Fibonacci wa Pisa, na wanaarudhi wa India waliujua karne kadhaa kabla yake. Shule ingeweza kufundisha haya mchana kweupe bila kumbandikia mtu kitu.

Nani anaingia

Bhimrao Ambedkar, aliyekuja kuongoza uandishi wa katiba ya India huru, alizaliwa katika tabaka lililotengwa. Shuleni alitaka kusoma Kisanskriti akakataliwa kwa ajili ya kuzaliwa kwake, ikambidi achukue Kiajemi. Kisanskriti alijifundisha baadaye, akakitumia kuyasoma maandiko ya Kihindu kwa jicho la wakili.

Kwa upande wa vyeti, siku hizi serikali ya India imezifungulia njia shule za Veda. Kuna bodi yenye makao Ujjain, iliyopewa jina la Sandipani, mwalimu ambaye kwa mapokeo alimfundisha Krishna. Cheti chake cha Veda Bhushan kinahesabiwa sawa na darasa la 10, na Veda Vibhushan sawa na darasa la 12. Mvulana aliyelelewa kwa ghana husoma pia hisabati, sayansi na Kiingereza, na kwa cheti hicho anaweza kuomba chuo kikuu. Wakosoaji wanauliza kama saa chache za sayansi kwa wiki zinatosha kumfikisha huko. Swali la haki, nami ningependa kuona matokeo kabla ya matangazo.

Lililonivuta zaidi linatoka Tamil Nadu. Serikali ya jimbo hilo, yenye historia ndefu ya kupinga ubwana wa Mabrahmin, iliamua mwaka 2006 kwamba Mhindu yeyote mwenye sifa anaweza kuwa kuhani wa hekalu, ikafungua shule za kuwafundisha. Kesi zikaenda mpaka Mahakama ya Juu. Vijana waliohitimu walingoja miaka na miaka, wengine wakatafuta vibarua, mpaka mwaka 2021 ndipo kundi la wasio Mabrahmin lilipopewa barua za ajira kwa pamoja. Mwaka 2023 wasichana watatu walimaliza mafunzo hayo katika shule ya Srirangam. Walikuwa tayari na elimu ya chuo kikuu kabla ya kukaa sakafuni kujifunza ibada. Baada ya vyeti waliambiwa bado mwaka mmoja wa mafunzo kazini katika mahekalu makubwa, ndipo waweze kuomba nafasi.